Ziwa la milimani lipi linafaa fedha yako: Kivu, Burera na Ruhondo, Bunyonyi au Naivasha

Anayetafuta mapumziko ya kifahari kando ya ziwa la milimani kwa kawaida huanza na picha za vyumba, na hapo ndipo fedha huanza kupotea. Kitanda kipana na shuka nyeupe vipo hata Nairobi na Dar es Salaam. Unachofuata huku ni ziwa, kwa hiyo maswali ya kwanza yawe ya ziwa. Naweza kuogelea? Nitakaa barabarani saa ngapi? Baraza ya chumba inatazama upande gani? Tumeyapanga maziwa haya kwa maswali hayo, tukiwafikiria watu wawili wenye usiku 3 au 4. Mwenye usiku 2 tu aruke moja kwa moja hadi Naivasha.

1. Ziwa Kivu, Rwanda

Kivu liko kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, halina mamba wala viboko, na hoteli nzuri, maji ya kuogelea na visiwa vya kutembelea vyote viko karibu karibu. Kuna miji miwili ya kuchagua. Rubavu, ambayo wengi bado huiita Gisenyi, ina ufukwe wa mchanga na hoteli ya Serena iliyo kando ya maji kabisa. Karongi, yaani Kibuye ya zamani, haina mchanga wa maana, lakini ina ghuba zilizojikunja kati ya vilima na visiwa vingi vidogo.

Tunaipendekeza Karongi. Ni tulivu zaidi, tena Rubavu imepakana na Goma, mji wa Congo uliotekwa na waasi wa M23 Januari 2025. Ukiamua kwenda Rubavu, soma tahadhari za usafiri za serikali yako kabla ya kulipa, wala usipange safari inayotegemea kuvuka mpaka.

Kigali hadi Karongi kwa gari, kupitia Muhanga, ni kama saa 3. Barabara ni ya lami lakini kona haziishi, kwa hiyo anayetapika safarini ameze dawa kabla ya kuondoka. Epuka kusafiri asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi: ni siku ya umuganda, yaani kazi za pamoja za jamii, na kuanzia saa 2 hadi saa 5 shughuli nyingi husimama. Ukiendesha gari lako kutoka Tanzania, Kenya au Uganda, kumbuka Rwanda huendesha upande wa kulia. Kumbuka pia kurudisha saa nyuma kwa saa 1. Wageni wengi hufika gatini saa nzima kabla ya boti yao kwa sababu hiyo.

Miji yote miwili iko pwani ya mashariki ya ziwa, kwa hiyo jua huzama mbele yako, nyuma ya milima ya Congo. Hicho ndicho unacholipia, na ndicho kinachopunjwa mara nyingi. Maneno "chumba chenye mandhari ya ziwa" yanaweza kumaanisha upenyo kati ya miti miwili. Omba namba ya chumba, omba picha iliyopigwa ukiwa umeketi barazani, kisha omba namba hiyo iandikwe kwenye uthibitisho wa nafasi yako.

Boti ya binafsi ikodishe asubuhi, upepo haujaamka. Kubalianeni bei ya boti nzima badala ya bei ya kichwa, saa mtakazokuwa majini, mafuta yawe ndani ya bei, na jaketi okozi moja kwa kila abiria mlione kwa macho kabla ya kung'oa nanga. Kisiwa cha Napoleon chenye popo wengi kinapendwa sana. Vaa viatu vya kupandia mlima.

Usiku wavuvi wa sambaza, samaki wadogo kama dagaa, hutoka na mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, taa zikiwaka juu ya maji, nao hupiga makasia wakiimba. Hakuna onyesho la hoteli linaloshinda hilo. Lakini samaki hao hufuata taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali uvuvi hupungua. Chagua tarehe za mwezi mwandamo au karibu nazo. Kila mwaka pia uvuvi hufungwa kwa muda ili samaki wazaliane, basi iulize hoteli kabla ya kulipa.

Kuna jambo la kuheshimu. Maji ya kina cha chini ya Kivu yamebeba kaboni dioksidi na methani nyingi, kiasi kwamba mtambo wa KivuWatt ulioko Karongi huzalisha umeme kwa methani hiyo. Hilo halikuzuii kuogelea. Ogelea pale hoteli ilipotenga. Upande wa Rubavu na Goma yapo mashimo na mabonde ambamo gesi nzito hutuama, wenyeji huyaita mazuku. Mwenyeji akikwambia usikae mahali, ondoka.

2. Burera na Ruhondo, Rwanda

Maziwa mawili pacha chini ya volkano, karibu na Musanze. Virunga Lodge imejengwa juu ya mgongo wa mlima katikati yake, na mandhari yake ndiyo bora katika orodha hii. Tumeyaweka ya pili kwa sababu moja: maji utayaona zaidi ya kuyagusa, maana kutoka chumbani hadi ziwani ni mteremko mrefu, na kurudi ni kupanda. Panafaa zaidi anayekwenda kuona sokwe wa milimani (gorila). Kibali cha sokwe kwa mgeni wa kimataifa ni dola 1,500. Raia wa Afrika Mashariki waulize bei yao kwanza, iko chini sana. Kata kibali kabla ya chumba, kwa sababu vibali huisha mapema na tarehe haibadilishwi kirahisi.

3. Bunyonyi, Uganda

Liko mita 1,950 na zaidi, lina visiwa 29, na watu huogelea humo bila hofu ya mamba. Matangazo mengi husema kina chake ni mita 900. Usinunue kwa sifa hiyo, vipimo vya wanasayansi ni kama mita 40. Uzuri wake hauhitaji chumvi hiyo. Kasoro ni mbili. Kampala hadi Kabale, mji ulio karibu na ziwa, ni siku nzima ya barabara, hivyo wengi hufika upesi zaidi wakishukia Kigali na kuvukia mpaka wa Gatuna. Pili, malazi ni mazuri lakini anasa ya kweli ni chache: uliza kama maji ya moto hutegemea jua pekee, na kama umeme huwaka usiku kucha. Usiku ni baridi ya kweli. Beba sweta nzito.

4. Naivasha, Kenya

Kama saa 2 kutoka Nairobi, na hakuna ziwa jingine hapa linalokupa mapumziko mengi kwa safari fupi hivyo. Lakini huogelei, viboko wamejaa. Usitembee kwenye nyasi za ukingoni baada ya jua kuzama bila askari wa hoteli. Maji ya ziwa yamepanda sana miaka ya karibuni na kumeza bustani na gati, kwa hiyo picha ya zamani isikudanganye; dai ya mwezi huu. Tangu 2024 mbio za Safari Rally zimekuwa zikifanyika Machi, na wiki hiyo vyumba hukosekana.

Kulipa

Bei nyingi hutajwa kwa mtu mmoja katika chumba cha wawili. Anayelala peke yake huongezewa. Uliza kama VAT imo, na chakula ni kipi: kifungua kinywa tu, pamoja na cha usiku, au vyote vitatu. Huko Karongi na Bunyonyi migahawa nje ya hoteli ni michache, kwa hiyo kifungua kinywa pekee huishia kuwa ghali. Raia na wakazi wa Afrika Mashariki mara nyingi wana bei yao isiyowekwa mtandaoni. Andika barua pepe uiombe, na ubebe kitambulisho, kwani mapokezi watakidai. Masika, Machi hadi Mei, bei hushuka, ila mawingu yanaweza kufunika volkano siku zote tatu. Juni hadi Agosti na mwishoni mwa Desemba weka nafasi miezi 3 au 4 mapema, na kabla ya kutuma malipo ya awali pata kwa maandishi siku ya mwisho ya kughairi na kiasi watakachorudisha.