Leseni ya baa kupitia TAUSI: inavyofanya kazi kwa wafanyabiashara wa Mwanza

Kwa upande wa malipo, TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa TAMISEMI (ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na halmashauri) wa leseni na vibali vya halmashauri, inastahili nyota nne kati ya tano. Kontroo namba, yaani namba ya kulipia, inatoka, unalipa kwa simu au benki, leseni ikiidhinishwa unaichapa mwenyewe. Kwa upande wa kumwelekeza mtu anayeanza biashara ya vileo, nyota mbili zinatosha. Ombi la baa hukwama zaidi kwenye jengo, kwenye choo na kwenye kikao cha kata, na huko mfumo haufiki.

Kabla ya kugusa kompyuta, jua uko halmashauri ipi. Mwanza mjini kuna mbili: Halmashauri ya Jiji, yaani Nyamagana, na Manispaa ya Ilemela yenye makao Buswelu. Mkuyuni, Igogo, Mabatini, Butimba na Buhongwa ni Jiji. Kirumba, Kitangiri, Pasiansi na Nyakato ni Ilemela. Wageni wengi hudhani Kirumba ni Jiji kwa sababu iko hatua chache kutoka katikati ya mji. Ukichagua halmashauri isiyo yako na ukalipia, fedha imeshaingia kwa wengine, na kuifuatilia ni barua juu ya barua.

Andaa namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), TIN (namba ya mlipakodi), uthibitisho wa kulipa kodi kutoka TRA, mamlaka ya mapato, na mkataba wa pango. Akaunti ifunguliwe kwa namba yako ya simu. Vijana wa stesheneri wanajaza fomu vizuri na kwa haraka, hilo tuwape haki yao, lakini wengine huweka namba zao wenyewe ili kazi isonge. Wakati wa kuhuisha ukifika, nywila haipo, ujumbe unaingia kwenye simu ya mtu aliyekwisha kuhama kibanda, nawe unahesabika kuwa umechelewa.

Kosa la gharama kubwa zaidi ni aina ya leseni. Sheria ya Vileo ya 1968 inatenganisha anayeuza pombe inywewe papo hapo, anayeuza rejareja ya kuondoka nayo, muuzaji wa jumla, hoteli, mgahawa, na klabu ya pombe za kienyeji. Watu huomba ya kuondoka nayo kwa sababu masharti ya jengo ni mepesi, kisha wanaweka benchi nje na kuendesha baa. Mkaguzi hahitaji kumkuta mteja na chupa mdomoni. Kifungua chupa kilichofungwa kwa kamba kwenye kaunta, vizibo vimetapakaa chini ya benchi, kreti la chupa tupu zenye povu bado mbichi: hapo umeshajieleza. Kama nia yako ni watu wakae, omba ya kukaa tangu mwanzo, hata kama ukaguzi ni mgumu zaidi.

Na ukaguzi wenyewe ndio kazi. Afisa afya anaangalia choo cha wanawake na cha wanaume viwe mbalimbali, maji ya kunawa yawepo, glasi zioshwe wapi na maji machafu yaende wapi. Wahudumu wawe wamepimwa afya na vyeti vyao vikae hapo hapo dukani, si nyumbani kwao. Polisi na afisa biashara nao wana maoni yao, na kata ina yake. Baa iliyogusana ukuta na shule au nyumba ya ibada itapingwa kwenye kata hata kama choo chako kina marumaru. Fanya mazungumzo na mwenyekiti wa mtaa kabla hujalipa kodi ya miezi sita kwa mwenye nyumba. Mpangilio wa kinyume na huo ndio unaofilisi watu.

Ufukweni kuna jambo la ziada ambalo fomu haikukumbushi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa zinazoweza kuharibu mazingira yake. Wale wanaotaka meza ziguse maji, samaki akaangwe huku mawimbi yanapiga miguu, wapime kwanza kwa futi ya kamba. Kuwa na leseni ya vileo hakuhalalishi jengo lililo ndani ya eneo hilo. Muziki nao ni suala la NEMC, baraza la taifa la mazingira, na Mwanza yenye miamba na vilima sauti ya spika iliyoelekezwa ziwani husafiri mbali kuliko mtu anavyodhani. Elekeza spika ndani.

Tunalolalamikia zaidi halihusu mfumo, ni kipindi. Leseni za vileo zinakwenda kwa miezi sita: Aprili 1 hadi Septemba 30, kisha Oktoba 1 hadi Machi 31. Ukiipata mwishoni mwa Agosti, inakufa Septemba 30 pamoja na za wenzako wote. Kwa hiyo ukimaliza ujenzi Agosti, piga hesabu kama inafaa kusubiri kipindi kipya, na maombi ya kuhuisha yaanze wiki kadhaa kabla, maana mwisho wa Machi na wa Septemba kila mtu anakimbilia meza zile zile.

Saa za kuuza kwa baa ya kawaida mjini, Jumatatu hadi Ijumaa, ni saa 10 jioni hadi saa 5 usiku. Mwisho wa wiki na sikukuu zina saa zake, na hoteli zina zake pia, hivyo usiige jirani. Soma masharti ya leseni yako. Mtoto chini ya miaka 18 hauziwi, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwenye baa ahakikishe haingii kabisa. Kumtuma mtoto akanunulie bia ya baba ni tatizo la muuzaji.

Stoo ikaguliwe kwa jicho la TRA: stempu za kodi za kielektroniki zilianza kwa bia, mvinyo na pombe kali Januari 2019, na programu ya Hakiki Stempu inakuonyesha kama chupa ni halali kabla hujapokea mzigo. Viroba, yaani pombe kali ya vipakiti vya plastiki, vilipigwa marufuku tangu Machi 1, 2017, gongo ni haramu siku zote.

Anayenunua baa ambayo tayari inafanya kazi asidanganywe na leseni iliyobandikwa ukutani. Ile ina jina la muuzaji, na mkataba wenu wa kwa wakili hauihamishi. Uhamisho unapitia mamlaka ya leseni. Weka kwenye mkataba kwamba sehemu ya bei italipwa uhamisho ukishaidhinishwa.