Mfumo mpya wa umwagiliaji katika bustani yetu ya ufukweni Mwanza: vifaa vizuri, makabidhiano mabovu

Kwa miezi minane sasa bustani ya wazi ya mtaa wetu, upande wa ufukwe wa ziwa hapa Mwanza, imekuwa ikimwagiliwa kwa mfumo mpya uliofungwa na kampuni moja ya mjini. Nikiwa mjumbe wa kamati ya bustani hiyo, nimeona niandike tathmini hii kwa ajili ya mitaa mingine inayofikiria kufanya kama sisi. Vifaa ni vizuri na mabomba yalilazwa kwa ustadi, lakini makabidhiano yalifanyika kwa haraka mno, na kwa sababu hiyo miezi mitatu ya mwanzo tuliendelea kupoteza maji tuliyokuwa tumelipa ili tuyaokoe.

Wapo waliotuuliza kwa nini tuhangaike kuokoa maji ilhali ziwa liko mbele ya macho yetu. Swali hilo nalielewa, ila maji ya bomba si maji ya ziwa kama yalivyo. Yamevutwa kwa pampu, yamechujwa, yametiwa dawa, kisha yamesukumwa kwa umeme kupanda vilima vya mji huu. Chanzo cha Butimba kilijengwa ili kuongeza lita milioni 48 kwa siku juu ya zile milioni 90 za Capri Point, maana mji ulikuwa umekwishazidi uwezo wa chanzo cha zamani. Kila lita inayotiririka barabarani kutoka kwenye nyasi za bustani ya umma ingeweza kufika kwenye ndoo ya mama anayeishi juu ya mlima.

Na kwetu ilikuwa ikitiririka kweli. Vinyunyizio vya zamani vilifunguliwa alasiri, wakati ule ule upepo wa ziwani unapovuma kuelekea nchi kavu, hivyo sehemu ya maji iliishia kwenye lami huku ukoka wa upande wa chini ukibaki mkavu. Vitalu vya maua vilimwagiliwa kwa mpira wa mkono. Tulipoupima mpira huo, ulijaza ndoo ya lita 20 kwa dakika moja. Kwa saa moja na nusu ya kila asubuhi, hizo ni lita 1,800.

Sasa vitalu hivyo vina mipira ya matone yenye matundu 400, kila tundu likitoa lita 2 kwa saa, na saa moja kwa siku inatosha. Ni lita 800, tena zinaingia kwenye mizizi badala ya kulowesha majani na njia ya kupita watu. Kwa kuwa udongo wetu ni mchanga uliotokana na mawe ya matale, usioshika maji kwa muda mrefu, mafundi walishauri saa hiyo igawanywe mara mbili, nusu alfajiri na nusu jioni. Huo ulikuwa ushauri mzuri sana. Nawapongeza pia kwa kuchagua matundu yanayojirekebisha presha, kwani bustani inateremka kuelekea ziwani kwa karibu mita 10, na tofauti hiyo peke yake huongeza presha ya bari moja upande wa chini. Kwa matundu ya kawaida, maua ya chini yangezama na ya juu yangekauka.

Ukoka, wenye eneo la mita za mraba 600, umewekewa vinyunyizio vipya vyenye matone makubwa yasiyopeperushwa ovyo. Siku ya jua kali nyasi hupoteza takriban milimita 5 za maji, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo hesabu ni lita 3,000, yaani uniti tatu za mita. Sehemu hiyo haijatusumbua.

Kilichotusumbua ni taima, yaani saa inayofungua na kufunga maji yenyewe. Kifaa hicho hufuata saa 24, nasi tulikuwa tumekubaliana maji yafunguke saa kumi na moja alfajiri. Mzee anayetunza bustani, ambaye hakuna aliyekaa naye kumwelekeza, aliingiza 11:00 kwa nia njema kabisa. Kwa wiki kadhaa maji yakawa yanatoka saa tano asubuhi juani, na sisi tukawa tunashangaa kwa nini majani yananyauka. Kosa hilo silihesabu kuwa la mzee hata kidogo. Fundi anayeuza taima kwa Waswahili ndiye anayepaswa kujua kwamba saa kumi na moja ya alfajiri huandikwa 05:00 kwenye kioo kile, na kumwonyesha mtumiaji kwa kidole mpaka aweze mwenyewe.

Tatizo la pili ni chujio. Baada ya mgao, maji yanaporudi huja na tope jekundu, na chujio dogo la wavu tulilofungiwa halikuweza kulizuia. Nilikata kipande cha mpira uliokuwa umeacha kudondosha, nikakipasua kwa wembe: ndani kulikuwa na utando wa kahawia unaoteleza kama mlenda, umeziba tundu lote. Tulipiga simu mara nne kabla fundi hajafika kuweka chujio la diski, na tukatozwa gharama ya kifaa ambacho kilistahili kuwamo tangu nukuu ya bei ya kwanza. Tangu hapo mzee huliosha kila Jumamosi, na matundu yanadondosha.

Kihisi cha mvua bado hatuna, kwa hiyo masika taima huzimwa kwa mkono.

Kwa kamati inayotaka kuiga, kampuni hii naipendekeza kwa sharti kwamba mkataba utaje aina ya chujio, idadi ya siku za mafunzo, na kiasi cha fedha kitakachozuiliwa hadi mafunzo yakamilike. Sisi tulizuia awamu ya mwisho ya malipo, nayo tuliitoa wiki ile mzee alipobadilisha taima peke yake, kutoka ratiba ya kiangazi kwenda ya vuli, bila kumwita mtu.