Tathmini: Huduma ya Kufungiwa Sola ya Nyumbani, Kisumu

Duka lililonifungia sola liko karibu na soko la Kibuye, na nililipenda kwa sababu muuzaji hakutaja bei yoyote kabla ya kumtuma fundi nyumbani. Fundi huyo aliketi mezani na daftari, akaandika kila chombo kinachotumia umeme, wati zake na saa ambazo huwashwa, huku akitenga vya mchana na vya usiku. Pasi na birika alikataa katakata kuvijumuisha, kwani birika la wati 2,000 peke yake hutaka nguvu nyingi kuliko friji, televisheni na taa zangu zote kwa pamoja.

Tuliafikiana paneli nne za wati 450, inveta ya kilowati 3 (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uweze kutumiwa na vyombo vya nyumbani) na betri ya lithiamu ya kilowati-saa 5. Paneli zilifungwa kwa mwinamo mdogo tu, kwa kuwa Kisumu iko karibu kabisa na ikweta na jua hupita kaskazini yetu miezi kadhaa, kisha kusini. Mwinamo huo unatosha mvua ioshe vumbi. Siku nyingi betri hujaa kabla mawingu ya alasiri hayajapanda kutoka ziwani, na umeme wa gridi ukikatika jioni, friji huendelea kunguruma bila kusita.

Daftari lile la mchana na usiku ndilo hesabu ya taifa zima. Takriban sehemu tisa kwa kumi za umeme wa Kenya hutokana na jotoardhi ya Olkaria, maji, upepo na jua, na hapa jirani tuna kituo cha umeme wa maji cha Sondu Miriu chenye megawati 60. Hata hivyo, matumizi hufikia kilele kati ya saa moja na saa tatu usiku, jua likiwa limeshatua, na hapo ndipo mitambo ya mafuta huwashwa. Kila nyumba inayotumia betri yake saa hizo inapunguza mzigo huo, ingawa kuachana na kuni, makaa na petroli ya bodaboda bado ni kazi kubwa iliyo mbele yetu.

Kasoro zipo, na moja ni nzito. Betri iliwekwa chini ya mabati kwenye chumba kisicho na dirisha, ilhali joto hufupisha maisha yake. Nilipoomba ihamishwe nilisubiri muda mrefu, kisha nikadaiwa nauli ambayo haikuwa kwenye makubaliano. Dhamana waliyonipa inataja vifaa tu, wala haigusi kazi ya fundi, na hakuna aliyeweza kunieleza betri ikichakaa itapokelewa wapi.

Kwa upimaji na ubora wa vifaa, ninalipendekeza duka hili kwa moyo wote. Ila kabla ya kulipa malipo ya awali, wadai waandike mahali betri itakapokaa na muda ambao fundi atarudi bila malipo.