Nyumba ya wageni ya kanisa, Lushoto: siku mbili bila runinga

Fedha tulizokwenda nazo Lushoto zilikuwa za makochi. Tuliziweka kidogo kidogo kwa miezi minane, kwa kuwa yale tuliyo nayo yamechanika na mgeni akiketi vibaya anachomwa na springi. Kisha mama akaja Dar es Salaam kwa ajili ya kliniki, akakaa kwetu siku nne, na katika siku hizo zote mimi na mke wangu tulikuwa tukirudi kazini usiku na kumkuta amekwisha kulala. Alipofungasha ili aondoke, tuliona aibu, tukazitoa fedha zile.

Nyumba tuliyofikia inaendeshwa na kanisa na iko nje kidogo ya mji. Kutoka Mombo barabara ya lami inapanda kilomita 33 zilizojaa kona, hivyo anayechafukwa na tumbo safarini na akae kiti cha mbele. Vyumba ni safi na vya kawaida sana: vitanda viwili, meza, Biblia na mablanketi mazito. Runinga hakuna, na mtandao wa simu unashika karibu na lango tu. Jioni ya kwanza watoto walinung'unika. Asubuhi yake niliwakuta uani wakichambua mnavu pamoja na bibi yao, maana mpishi haoni ubaya mgeni akiingia jikoni kwake, na mama, ambaye alikulia Mlalo, walikofika wamisionari wa Kilutheri mwaka 1891, alikuwa akiwasimulia jinsi alivyobeba mapeasi kichwani hadi gulioni, juma baada ya juma, mpaka akapata gauni jeupe la kipaimara. Nina miaka 44 na sikuwahi kuisikia habari hiyo. Aliisimulia taratibu, akikatiza kila mara kumwonyesha mdogo wao jani lililotobolewa na wadudu, na hakuna aliyemharakisha.

Chakula huliwa kwenye meza moja ndefu, baada ya sala fupi ambayo mgeni halazimishwi kuhudhuria. Tulikula ugali, maharage, mnavu na parachichi. Nyama tuliiona mara moja. Mithali 15:17 inaitanguliza mboga penye mapendano mbele ya ng'ombe aliyenona penye chuki, nami kwa miaka mingi niliuchukua mstari huo kuwa faraja ya asiye na uwezo wa kununua nyama. Pale mezani niliusoma upya, kama neno kwa mtu mwenye fedha mfukoni ambaye bado hajaamua azipeleke wapi. Nikamkumbuka pia yule tajiri wa Luka 12 aliyetaka kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi: katika mipango yake yote anazungumza na nafsi yake tu, na hatuambiwi kama alikuwa na mama.

Kasoro zipo. Maji ya moto huchemshwa kwa kuni, na asubuhi ya pili yalikwisha mapema, mama akaoga ya ndoo baada ya kuisubiri nusu saa nzima. Tuliambiwa kwa simu kwamba mtoto hulipa nusu ya bei ya chakula, lakini bili ilikuja na bei ya mtu mzima, na ilirekebishwa baada ya sisi kulalamika. Ngazi za kwenda vyumba vya juu hazina mahali pa kushika, kwa hiyo anayekuja na mzazi mwenye magoti mabovu aombe chumba cha chini mapema, wala asingoje kufika.

Tulikwenda pia Irente kutazama tambarare iliyo chini ya milima, ila mama aliona upepo ni mkali, tukarudi upesi kunywa chai.

Kwa familia inayotafuta mahali pa kuwaburudisha watoto kutwa nzima, hapa si pake. Sisi tumeulizia nafasi za Desemba, na mapokezi wametushauri tulipie kabla ya mwisho wa Oktoba, kwani vyumba vya chini ni vinne tu.