Sandberg na Ventura: njia mbili za nyota kuwa kocha

Ryne Sandberg, mchezaji bora wa mwaka 1984 katika Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili kuu za besiboli Marekani, aliingia Ukumbi wa Umaarufu wa besiboli mwaka 2005. Pamoja na heshima yote hiyo, 2007 alikubali kuanzia chini: Peoria, Illinois, akifundisha vijana wa ligi ndogo, yaani ligi za chini zinazolea wachezaji, wanaosafiri kwa basi kutoka mji hadi mji. Akapanda ngazi kwa ngazi: Tennessee, kisha Iowa, ambako 2010 alichaguliwa kocha bora wa ligi, halafu Lehigh Valley, zote timu za ligi ndogo. Cubs ya Chicago, klabu aliyojipatia jina akiichezea, haikumkabidhi timu yake ya ligi kuu. Phillies wa Philadelphia ndio waliomkabidhi ya kwao, Agosti 2013.

Robin Ventura, naye nyota wa zamani wa besiboli, hakupita huko. White Sox, klabu nyingine ya Chicago, walimpa timu yao ya ligi kuu kwa msimu wa 2012, ingawa hakuwa amewahi kuongoza hata kikosi cha ligi ndogo. Alishinda mechi 85. Mwaka uliofuata akapoteza 99.

Ukitazama matokeo tu, uvumilivu haukumlipa Sandberg: alijiuzulu Juni 2015, Phillies wakiwa mkiani. Lakini kikosi kilikuwa kimechoka, jamani. Kulea chipukizi, enzi za uhai wake ningemwajiri Sandberg bila kusita.