Jumatano nne kwenye baa ya krafti, na hisa 200 zisizopata mnunuzi

Jina la baa hii ya krafti, yaani inayopika bia yake yenyewe kidogo kidogo, silitaji. Ina meza kumi na moja, na ile ya kona, chini ya feni inayolia kama bawaba, ni yetu kila Jumatano. Nikiitaja leo, wiki ijayo nitaikuta imekaliwa na watu wa ofisi fulani wanakata keki. Mwenye hamu ataipata mwenyewe: Mikocheni, unaiacha barabara ya Mwai Kibaki unaingia ndani, bajaji ikianza kuruka mashimo ujue umekaribia, na ukisikia harufu ya uji unaotaka kuungua, hicho ni kimea kinachemshwa. Umefika.

Tuko wanne. Mimi nauza vitambaa vya mapazia Kariakoo. Mzee wetu ni mstaafu wa bandari. Tunamwita Gawio kwa sababu tangu anunue hisa yake ya kwanza hajauza hata moja. Yeye hungoja gawio tu, ile faida wanayogawiwa wenye hisa, na likiingia anatuonyesha meseji kama mtu aliyepata mjukuu. Dada yetu ni muuguzi, hagusi pombe, na akiba yake yote iko kwenye vipande vya Mfuko wa Ukwasi wa UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Wa nne ni mpwa wangu, kijana wa miaka 26, ananunua hisa za Marekani kwa simu. Kwa kuwa soko lao linafungwa huku kwetu saa tano au saa sita usiku, usingizi wake ni wa mang'amung'amu.

Zamani tulikutana Sinza, baa ya kawaida, Safari ya buku tatu, mishkaki, na spika iliyoelekezwa sikioni. Huko huwezi kujadili gawio, unapiga kelele "asilimia tano!" na meza ya jirani inadhani unanadi kitu. (Asilimia tano ndiyo kodi ya zuio kwenye gawio la kampuni iliyoorodheshwa sokoni, isiyoorodheshwa inakatwa kumi. Mzee huisoma hiyo kama dua kabla ya kila glasi.) Mpwa ndiye aliyetuhamisha.

Jumatano ya kwanza iliishia kwenye bei. Glasi ndogo 9,000, kubwa 14,000. Mzee alivaa miwani, akausoma ubao, akamwuliza kijana wa kaunta, "Hiyo kumi na nne ni ya kreti?"

"Shikamoo mzee wangu. Ni ya glasi."

"Marahaba. Basi niletee glasi, lakini ya moto."

Hapo kijana alikwama. Baa zote nilizoingia Dar swali la kwanza ni baridi au ya moto, na mzee anakunywa ya moto tangu enzi bia inapatikana kwa kujuana. Pale kila bia inatoka bombani na ubaridi wake, hakuna kreti iliyolala sakafuni. Mzee hakubishana. Aliagiza bia nyeusi, akaiweka mbele yake, akaiacha dakika arobaini nzima. Sisi tunamaliza, yeye ndio anaanza. Akanionjesha, na kumbe yuko sahihi: ile nyeusi ikitoka tu bombani unapata ubaridi mtupu, lakini ikishatulia mezani inafunguka, unakutana na kahawa iliyokaangwa sana na uchungu wa kakao. Kwa hiyo bia nyeusi iagize mapema, halafu ujifanye umeisahau.

Ila iliyonirudisha mimi ni bia ya ngano. Haijachujwa, ina mawingu, rangi ya juisi ya embe iliyozidishwa maji. Kijana anainamisha glasi, anaiacha itiririke ubavuni, mwishoni anaisimamisha ghafla ili povu lipande. Povu zito, ukilichovya kidole tundu linabaki. Nikainusa kabla ya kunywa nikaacha kuongea. Ndizi! Ndizi iliyoiva mpaka ganda limeanza madoa meusi, na nyuma yake karafuu kwa mbali. Mimi ni wa Marangu. Bibi yangu alipika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ya kuuza siku za soko, na harufu ile ndiyo iliyokuwa jikoni kwake wakati ndizi zimeshachemshwa zinangoja ulezi. Nikamwambia kijana, "Hii mmetia ndizi." Akacheka, akaenda kumwita mpishi wa bia.

Mpishi ni dada wa makamo, gumbuti miguuni, mikono imelowa. Akaniapia hakuna ndizi hata moja mle: kimea cha shayiri, ngano, maji, hopsi kidogo (maua yanayoipa bia uchungu) na chachu. Hiyo chachu ndiyo inayotoa ndizi na karafuu wakati inafanya kazi. Nikamweleza kwetu kazi ya hopsi inafanywa na gamba la mti wa msesewe. Linatiwa kwa kipimo cha mkono wa mtu anayejua, ukizidisha mbege hainyweki, utaiona kwenye nyuso za wazee wanaopokezana kata. Tulisimama pale kwenye kioo cha kiwandani nusu saa, matangi manne nyuma yake yanatoa jasho. Anataka msesewe aujaribu. Nimemwahidi nikipanda Moshi Disemba nitamletea kifurushi. Hopsi zao zinatoka nje, na mwaka 2024 dola ilipopita shilingi 2,600, anasema ubao wa bei waliufuta mara tatu.

IPA, ile bia ya hopsi nyingi wanayoisifu vijana, sikupendekezei. Uchungu wake unaanza kwenye ncha ya ulimi na unakaa mdomoni mpaka Ubungo. Mpwa anaipenda, lakini mpwa anapenda kila kinachomuumiza.

Yeye ndiye aliyetuletea habari za Boston Beer, kampuni ya Marekani inayotengeneza Samuel Adams, mmoja wa wakongwe wa krafti. Mapema 2021 hisa yake moja ilipita dola 1,300. Haikupandishwa na bia. Ilipandishwa na Truly, maji ya gesi yenye kilevi na ladha ya matunda, ambayo watu waliofungiwa ndani na korona waliyanywa kwa fujo. Kampuni ikaamini mwendo utakuwa uleule, ikajaza maghala. Julai mwaka huohuo ikatoa hesabu zake, hisa ikaanguka zaidi ya robo kwa siku moja, na shehena kubwa ya Truly iliyopitwa na wakati ikabidi iharibiwe. Kufika 2024 hisa ileile ilishaonekana chini ya dola 300. Mpwa alinunua njiani, alipoona imeshuka vya kutosha. Ilikuwa bado.

"Yaani wewe umenunua soda," dada akamwambia, anakoroga tangawizi yake.

"Nilinunua kampuni, dada."

"Iliyojaza soda ghalani."

Mzee yeye yuko upande wa pili kabisa wa duara. Anazo hisa za zamani za TBL, kampuni yetu kubwa ya bia. Soko letu la Dar es Salaam lilifungua biashara Aprili 1998 na TOL, kampuni ya gesi, halafu Septemba ikaingia TBL. Safari, Kilimanjaro, Ndovu, Balimi, hakuna kona ya nchi hii isiyo na kreti lao, lakini bei ya hisa iliganda kwenye 10,900 mwaka hadi mwaka. Sehemu kubwa imeshikwa juu, kwa AB InBev, wakubwa wa bia duniani waliomnunua SABMiller, mmiliki wake wa awali, 2016, na wadogo waliobaki wengi ni kina mzee, hawauzi. Kama hakuna anayeuza, bei itasogezwa na nani? Mzee anaitaja 10,900 kwa fahari, kama mtu anayekuonyesha nguzo ya nyumba yake. Mpwa anasema hiyo si hisa, ni picha ya hisa.

Na mimi nisijifiche nyuma yao. Hisa za benki ya CRDB ziliuzwa kwa umma 2009 kwa shilingi 150, miaka kadhaa baadaye zikawa chini ya hapo, na mimi nikanunua zikiwa huko chini. Zilipogusa 400 niliuza. Nilijiona mjanja wa mtaa mzima wa Kongo. Mwaka 2024 zikapita 500, mimi nikiwa nimeshazigeuza mapazia. Kilichobaki nikakitia kwenye hisa 200 za kampuni moja ndogo, nayo siitaji, nikiitaja hata hao wawili watatu wanaoifikiria watakimbia. Oda yangu ya kuuza iko sokoni tangu kabla ya Ramadhani. Kila Jumatano nafungua Hisa Kiganjani, programu ya soko kwenye simu, hapo mezani, naangalia upande wa wanunuzi. Patupu. Dada amenishauri nizitie fremu.

Sasa Jumatano ya tatu. Niliagiza ngano yangu kama kawaida, nikanusa, ndizi haipo. Nikaonja: uchachu, si ule mtamu, uchachu wa maziwa yaliyosahaulika kwenye gari. Nikamwita mhudumu, msichana mgeni, nikamwambia bia imeharibika. Akaitazama glasi kwa mbali akanijibu, "Mama, krafti ndivyo zilivyo, kila mpiko na ladha yake."

Hapana. Naelewa kwamba tangi la leo halitafanana na la mwezi jana, hilo nalikubali, ndiyo raha yenyewe. Mbege ya bibi haikufanana wiki mbili mfululizo. Lakini bibi alikuwa anaonja kabla mteja hajashika kata, na aliyoikataa ilikwenda kwa nguruwe. Mteja akishasema imeharibika, unaonja kwanza ndipo unamfundisha. Mpishi alipokuja alichovya midomo tu, akakunja uso, akafunga bomba lile palepale mbele ya watu na kuandika kwenye ubao kwamba ngano imekwisha. Tatizo lilikuwa mpira wa kupitishia bia haukusafishwa vizuri, alisema hivyo bila kuzungukazunguka. Akaniletea glasi nyingine ya aina yoyote niitakayo. Hilo la mpishi lilinikosha. Kisha bili ikaja na ile glasi mbovu imo, 9,000, tena imeandikwa mara mbili. Tukairudisha, ikaja na kosa jingine, tukairudisha tena. Mzee alisema ameshaona mizigo ya meli ikihesabiwa kwa muda mfupi zaidi.

Ukienda, kagua bili. Na kama una haraka usiende kabisa.

Chakula nakipitia haraka kwa sababu hakina maajabu. Kuku wa kuchoma ni mzuri, ndizi za kuchoma ni kavu, chipsi ni chipsi. Bawa la kuku kwenye sosi ya bia nyeusi, 15,000 sahani, hilo lirudie. Choo kisafi, maji yapo, sabuni ipo Jumatano tatu kati ya nne. Umeme ukikatika jenereta inawaka ndani ya dakika moja, maana matangi hayawezi kungoja. Unalipa kwa simu, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, utaidai mara mbili.

Kinywaji bora kuliko vyote pale, na hili linaniuma kulikiri, si bia. Ni tangawizi ya dada. Wanaisaga palepale, limao, asali, hakuna kilevi, 5,000. Inakwaruza koo inavyotakiwa. Jumatano zote nne imekuwa ileile, haijapanda wala kushuka, na dada anainywa akitutazama sisi watatu kwa huruma ambayo hajitahidi kuificha. Nyota ningewapa nne. Ya tano iko kwenye mpira usiosafishwa.

Jumatano ya nne ngano ilirudi, na ndizi yake. Tulikuwa na furaha, mpwa akatusimulia kwamba Boston Beer ilipoingia sokoni 1995, mwanzilishi wake Jim Koch aliwauzia wanywaji wenyewe hisa kwa dola 15, kwa kuponi zilizotiwa kwenye paketi za bia, wakati wakubwa walizinunua kwa dola 20. Mzee aliweka glasi chini. Kwa miezi yote niliyomjua sijamwona akiinama mbele namna ile. Mwenye baa alikuwa anapita, akasikia, akavuta kiti, akasema na yeye anatafuta pesa ya tangi la tano, amewaza kushirikisha wateja wachache.

"CMSA, wasimamizi wa masoko ya mitaji, wana habari?" dada akauliza. "Maana ukianza kutangazia umma bila wao, tangi la tano utaliona kwenye picha."

Mwenye baa akasema ni wazo tu, ni watu wachache wanaojuana. Mpwa tayari alikuwa ameshafungua kikokotoo. Mimi nikawaza hisa zangu 200, na nani atanunua za baa ikiwa zile za sokoni hazina mtu.

Mzee alisubiri wote tunyamaze. "Mwanangu," akamwambia, "gawio linatoka mwezi gani?"

Mwenye baa akacheka, akajikuna shingo. "Mzee wangu, miaka mitatu ya kwanza kwa kweli…"

"Sawa," mzee akasema. "Niletee nyeusi. Iache hapo."