Linux Mint Xfce kwenye laptopu ya 2011: diski ilisingiziwa

Mashine yenyewe ni Core i5 ya kizazi cha pili, RAM 4GB (vijiti viwili vya DDR3, 2GB kila kimoja), diski ya 320GB. Windows 11 haiikubali kwa kuwa inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), na msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Nikaiwekea Mint 22 Xfce, toleo jepesi la mfumo endeshi wa Linux. Mfumo ni mzuri, ila kisakinishi chake kina ulimi wa kupotosha.

Faili la ISO (lenye kisakinishi kizima) linakaribia 3GB. Lihakiki kabla ya kuliandika kwenye flashi: kwenye Windows, amri ni certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, linganisha na namba iliyo kwenye tovuti ya Mint. Langu lilikuwa zima. Flashi pia niliipima kwa H2testw (programu ya kupima ukubwa halisi), maana zile za bei ya chee za kando ya barabara hapa Mombasa mara nyingi huandikwa ukubwa zisizokuwa nao.

Kasheshe ilianza kwenye kunakili faili. Mstari ukafika katikati, ukasimama, ikaja Errno 5, Input/output error, pamoja na maelezo kwamba huenda diski ni mbovu. Hapo ndipo watu wengi wanapokimbilia Moi Avenue kununua SSD. Tulia kwanza. Endesha smartctl -a /dev/sda, amri ya kusoma afya ya diski, utazame Reallocated_Sector_Ct (sekta mbovu zilizobadilishwa) na Current_Pending_Sector (zinazoshukiwa). Zote mbili kwangu zilikuwa 0. Diski haina kosa!

Mkosaji alikuwa RAM. Faili za Mint ndani ya flashi zimebanwa kwa squashfs, nazo hufunguliwa kwenye RAM. Biti moja ikigeuka humo, kipande kizima hakifunguki. Kerneli (kiini cha Linux) inaripoti kuwa imeshindwa kusoma, na kisakinishi kinaitupia diski lawama. Memtest86+, programu ya kupima RAM, ilitoa mistari myekundu ya makosa kabla ya dakika kumi. Chomoa kijiti kimoja, pima. Kisha weka kingine kwenye soketi ile ile, upime tena. Ukibadilisha soketi kwa wakati mmoja hutajua kama ubovu ni wa kijiti au wa soketi.

Kijiti kibovu hakikuwa kibovu. Miguu yake ya dhahabu ilikuwa imefifia, miwili mitatu ina ukungu wa kijani: chumvi ya pwani hiyo. Toa betri na chaja, sugua kwa raba nyeupe ya penseli kwa wepesi, pangusa kwa spiriti ya isopropili, kiache kikauke kabisa. Usitumie msasa, unakwangua dhahabu yote. Baada ya hapo Memtest86+ ilimaliza duru nne bila kosa hata moja.

Jaribio lililofuata lilinakili kila kitu, likaanguka mwishoni: grub-install /dev/sda failed. Diski ilikuwa na jedwali la GPT (mpangilio mpya wa kugawa diski) ilhali mashine inawaka kwa Legacy (mtindo wa zamani wa BIOS), kwa hiyo GRUB, programu inayoiwasha Linux, haikuwa na pa kukaa. Fungua GParted (programu ya kugawa diski), tenga 1MB bila mfumo wa faili, uipe bendera ya bios_grub. Kama huna data ya kuokoa, tengeneza jedwali jipya la msdos (mpangilio wa zamani), ni haraka zaidi, lakini linafuta vyote.

Betri ya laptopu ikiwa imekufa, usianze kazi hii bila UPS. Stima ikipotea wakati wa kunakili, unarudi mwanzo.

Kwa matumizi, Xfce inakula chini ya 1GB ya RAM kabla ya kufungua kivinjari, na Wi-Fi ilishika bila dereva la ziada. Vichupo vikizidi kumi, 4GB inalia. Na ukiona apt (amri ya kusasisha programu) inakataa masasisho kwa madai kwamba faili la Release “is not valid yet”, tazama saa: betri ndogo ya CR2032 imekwisha, mashine imerudi miaka ya nyuma. Ya laptopu mara nyingi huwa na waya na plagi yake, basi ichomoe uende nayo dukani.